Kompyuta yenye mifumo miwili ya uendeshaji

Kompyuta yenye mifumo miwili ya uendeshaji ni kompyuta (pia: tarakilishi, ngamizi) iliyosakinishwa mifumo ya uendeshaji miwili tofauti, kwa mfano Windows na Linux, ili mtumiaji achague mmojawapo kila anapoiwasha. Mifumo hiyo hukaa ndani ya mashine moja lakini haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Mmoja ukiwa kazini, mwingine umelala kwenye diski kama faili nyingine zozote. Ili kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine ni lazima kompyuta izimwe na kuwashwa upya.

Mpango huu hutumiwa na watu wanaohitaji programu inayopatikana kwenye mfumo mmoja tu, na wanafunzi wanaojifunza Linux bila kuacha Windows waliyoizoea. Hutumiwa pia na wenye mashine za zamani ambazo mfumo wake wa kwanza haupati tena masasisho ya usalama. Kazi ya kuupanga si ngumu, lakini hugusa mgawanyo wa diski kuu. Kosa moja katika hatua hiyo linaweza kufuta picha, barua, matokeo ya mitihani na kumbukumbu zote zilizohifadhiwa. Kwa sababu hiyo maandalizi huchukua muda mrefu kuliko usakinishaji wenyewe.

Makala hii inaeleza hasa Windows na Linux kwenye kompyuta za aina ya PC, kwa kuwa ndizo nyingi zaidi.

Kompyuta inavyoanza kazi

Kompyuta inapowashwa, haijui bado kama ina Windows au Linux. Kitu cha kwanza kufanya kazi ni programu msingi iliyohifadhiwa katika kipande cha kumbukumbu kwenye ubao mkuu. Programu hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi, skrini na diski, kisha hutafuta kianzishi, yaani programu ndogo yenye kazi moja tu: kupakia mfumo wa uendeshaji kutoka kwenye diski na kuukabidhi mashine. Kianzishi kinachojua mifumo zaidi ya mmoja huonyesha orodha, husubiri sekunde chache ili mtumiaji achague, na asipochagua huwasha mfumo uliowekwa kuwa wa kwanza.

Kuna aina mbili za programu msingi. Ya zamani huitwa BIOS, na ilikuja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981. BIOS husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512. Kati ya hizo, baiti 446 ni za kianzishi, 64 ni za jedwali la sehemu za diski, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Mpango huo huitwa MBR. Jedwali lake lina nafasi ya sehemu kuu 4 tu, na kwenye diski za kawaida haliwezi kuhesabu zaidi ya takriban TB 2.

Aina mpya huitwa UEFI. Ilitokana na kazi ya kampuni ya Intel, na tangu mwaka 2005 inasimamiwa na umoja wa makampuni mbalimbali. UEFI hutumia jedwali linaloitwa GPT, ambalo kwa kawaida lina nafasi ya sehemu 128. Badala ya kubana kianzishi ndani ya sekta moja, UEFI husoma sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo, iitwayo ESP. Ndani yake kila mfumo huwa na folda yake: Windows ina ya kwake, na Linux ya kwake. Ndiyo maana mifumo miwili huishi kwa amani zaidi kwenye UEFI kuliko kwenye BIOS, ambako mfumo uliosakinishwa mwisho uliandika juu ya kianzishi cha uliotangulia.

Historia

Haja ya kuweka mifumo miwili ilianza mapema. Mwaka 1987 IBM na Microsoft zilipotoa OS/2, watu wengi walikuwa na programu za DOS ambazo hawakuwa tayari kuziacha. OS/2 toleo la 2.0 la mwaka 1992 lilikuja na programu ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha. Windows NT ya mwaka 1993 nayo iliweza kukaa pamoja na DOS, ikisoma orodha ya mifumo kutoka faili moja ya maandishi.

Linux ilizaliwa katika hali hiyohiyo. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliitangaza Agosti 1991 akiwa anatumia Minix, mfumo wa kufundishia ulioandikwa na Andrew Tanenbaum. Matoleo ya kwanza ya Linux hayakuweza kusimama peke yake; yaliandaliwa ndani ya Minix, katika mashine ileile. Mwaka 1992 Werner Almesberger alianza kuandika LILO, kianzishi kilichotumiwa na Linux kwa miaka mingi. Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza GRUB, ambayo baadaye ilichukuliwa na mradi wa GNU na ndiyo inayotumika zaidi leo.

Kampuni ya Apple ilipohamia kwenye vichakato vya Intel, ilitoa Boot Camp Aprili 2006, programu iliyomwezesha mwenye Mac kusakinisha Windows. Mashine za Mac zenye vichakato vya Apple yenyewe, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, haziitumii tena.

Mwaka 2004 ilitolewa Ubuntu, toleo la Linux lililoanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lake linatoka katika lugha za Kinguni na lina shina moja na neno la Kiswahili utu. Kisakinishi chake kilirahisisha sana kazi ya kuweka Linux kando ya Windows, na kwa wengi ndicho mlango wao wa kwanza wa mpango huu.

Haja hiyo imeongezeka tena hivi karibuni. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi za miaka iliyotangulia hazikidhi sharti hilo. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Katika Afrika Mashariki, ambako kompyuta za mitumba hutumika majumbani, shuleni na katika ofisi ndogo, mashine nzima yenye afya inaweza kujikuta haina mfumo salama wa kuingilia intaneti. Kuweka Linux kwa ajili ya intaneti na kuibakiza Windows ya zamani kwa programu chache zisizohitaji mtandao ni njia mojawapo ya kuipa mashine hiyo miaka zaidi.

Maandalizi

Kabla ya kugusa diski, mambo yafuatayo hufanywa kwa mpangilio huu.

1. Nakala rudufu. Faili zote muhimu hunakiliwa kwenye diski ya nje au mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Nakala iliyowekwa kwenye sehemu nyingine ya diski ileile si nakala rudufu, kwa sababu diski ikiharibika zote huenda pamoja. Inafaa kufungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala ili kuhakikisha kuwa zinasomeka.

2. Ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya huja na diski iliyosimbwa kwa programu ya Windows iitwayo BitLocker, hata kama mwenyewe hajui. Mpangilio wa kuwasha ukibadilika, Windows huweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Asiye nao hawezi tena kuzifikia faili zake. Ufunguo huo huandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa mbali na kompyuta. Visakinishi vingine hukataa kugawa diski mpaka usimbaji uzimwe kwanza.

3. Kuzima uanzaji wa haraka. Tangu Windows 8, kompyuta inapozimwa kwa njia ya kawaida huwa haizimiki kabisa. Windows huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iamke upesi. Linux ikiandika kwenye diski iliyo katika hali hiyo, faili zinaweza kuharibika. Amri powercfg /h off, ikiandikwa kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, huzima tabia hiyo.

4. Kukagua aina ya programu msingi. Taarifa za mfumo ndani ya Windows huonyesha kama mashine inatumia UEFI au BIOS ya zamani. Mifumo yote miwili isakinishwe kwa njia moja. Windows ikiwa ya UEFI na Linux ikasakinishwa kwa njia ya BIOS, hazitaonana kwenye orodha ya kuchagua.

5. Nafasi. Ubuntu huhitaji walau GB 25 za diski, lakini GB 50 humpa mtumiaji nafasi ya kupumua.

6. Umeme. Kompyuta ya mkononi ichajiwe na kuachwa kwenye chaja. Ya mezani ni vema iwe na UPS. Umeme ukikatika wakati sehemu ya diski inapunguzwa, yaliyomo yanaweza kupotea.

Kugawa diski

Mfano wa diski ya GB 500 unasaidia kueleza. Diski hiyo ikitazamwa ndani ya Windows huonekana kama GB 465 hivi. Hakuna kilichoibwa: mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Mgawanyo unaofaa unaweza kuwa GB 215 za Windows, GB 50 za Linux, na GB 200 za faili za pamoja.

Sehemu ya pamoja ina faida kubwa. Linux husoma na kuandika kwenye NTFS, muundo wa faili wa Windows, lakini Windows yenyewe haisomi ext4, muundo wa kawaida wa Linux. Faili za kazi zikiwekwa katika sehemu ya tatu yenye muundo wa NTFS, huonekana na mifumo yote miwili, na mfumo mmoja ukilazimika kusakinishwa upya faili hizo haziguswi.

Kupunguza sehemu ya Windows hufanywa kwa chombo cha Windows chenyewe cha kusimamia diski. Chombo hicho hujua faili zisizohamishika ziko wapi, na wakati mwingine hukubali kupunguza kidogo kuliko nafasi inayoonekana kuwa wazi. Nafasi iliyopatikana huachwa tupu bila kupewa muundo wowote. Kisakinishi cha Linux kitaikuta hapo.

Hatua za usakinishaji

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kusakinisha Windows kwanza, kisha Linux. Windows haiweki Linux kwenye orodha yake ya kuwasha, lakini GRUB inaweza kuiweka Windows kwenye orodha yake. Anayefuata mpangilio wa kinyume hulazimika kukirudisha kianzishi cha Linux baadaye.

Faili ya usakinishaji hupakuliwa kutoka tovuti rasmi ya toleo la Linux lililochaguliwa. Kwa kuwa ni ya GB kadhaa na mtandao huweza kukatika njiani, hukaguliwa kwa kulinganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyochapishwa kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, faili hiyo haifai na hupakuliwa upya.

Faili ikiwa sahihi, huandikwa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kunakili tu hakutoshi, na kila kilichokuwa kwenye flashi hufutika. Kisha kompyuta huwashwa upya huku kitufe cha orodha ya kuwasha kikibonyezwa. Kwa kawaida ni F12 kwenye mashine za Dell na Lenovo, na F9 kwenye HP, ingawa hutofautiana kwa modeli.

Matoleo mengi ya Linux hufunguka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Hatua hii isirukwe. Hapo ndipo mtumiaji hupima kama Wi-Fi, sauti, skrini na kibodi vinafanya kazi, kabla diski haijaguswa. Baadhi ya kompyuta hazionyeshi diski yake kabisa kwa sababu kidhibiti chake kimewekwa kwenye hali ya RAID badala ya AHCI. Kubadili hali hiyo bila kuiandaa Windows kwanza huweza kuifanya isiwake.

Kisakinishi kinapouliza mahali pa kusakinisha, ndipo penye hatari kuu. Chaguo la kusakinisha kando ya Windows hutumia nafasi tupu. Chaguo la kufuta diski hufuta kila kitu, Windows na faili zote. Anayegawa mwenyewe huchagua nafasi tupu, huiwekea muundo wa ext4 na kuiita kwa alama ya mkwaju /, ambayo ni mzizi wa Linux. Sehemu ya ESP iliyopo hutumiwa kama ilivyo, wala haipewi muundo upya, kwa kuwa kianzishi cha Windows kimo humo. Kabla ya kuthibitisha, ukubwa wa kila sehemu hulinganishwa na ule ulioandikwa kwenye karatasi wakati wa kugawa.

Baada ya usakinishaji flashi huchomolewa, kompyuta huwashwa upya, na mifumo yote miwili hujaribiwa siku hiyohiyo.

Matatizo ya kawaida

Kompyuta kuingia Windows moja kwa moja. Mara nyingi hakuna kilichofutika. Windows imejirudisha kuwa ya kwanza katika mpangilio wa UEFI, na hutosha kuingia kwenye mipangilio hiyo na kuipandisha Linux juu.

Windows kutoonekana kwenye orodha ya GRUB. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa chaguo-msingi haitafuti mifumo mingine, ingawa baadhi ya wasambazaji wa Linux wamebadilisha hali hiyo. Katika faili ya /etc/default/grub huongezwa mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha kwenye Ubuntu na jamaa zake hutolewa amri sudo update-grub.

Saa kutofautiana. Windows huiandika saa ya ubao mkuu kwa saa za mahali, lakini Linux huiandika kwa saa za UTC. Kwa sababu hiyo, Tanzania, Kenya na Uganda, zilizo saa 3 mbele ya UTC, mtumiaji akitoka Linux hukuta Windows iko nyuma kwa saa 3. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo tofauti huwa saa 2, na Oman saa 4. Jambo hili halihusiani na hesabu ya saa ya Kiswahili, ambayo hutofautiana kwa saa 6. Amri timedatectl set-local-rtc 1 ndani ya Linux huondoa mgongano huo.

Uwashaji salama. Huduma ya UEFI iitwayo Secure Boot huruhusu vianzishi vyenye saini inayotambulika tu. Ubuntu na Fedora hutumia kianzishi kidogo kilichotiwa saini na Microsoft, hivyo kwa kawaida hakuna haja ya kuizima. Hata hivyo Agosti 2024 sasisho moja la usalama la Windows lilizuia Linux kuwaka kwenye baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili. Mtumiaji huyo alipaswa kuizima kwa muda, kuisasisha Linux, kisha kuiwasha tena. Ni mfano wa sababu ya kuihifadhi ile flashi ya usakinishaji: mfumo ukikataa kuwaka, flashi ndiyo njia ya kuingia na kutengeneza au kuokoa faili.

Usalama wa faili

Nywila ya Windows hulinda mlango wa Windows tu. Mtu aliyeingia kupitia Linux, au kupitia flashi yoyote ya Linux, anaweza kusoma faili za Windows bila kuulizwa nywila hiyo, isipokuwa kama diski imesimbwa. Kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kama ya maabara ya shule, jambo hili lisipuuzwe. Mitihani na taarifa za wanafunzi hazifai kukaa kwenye mashine hiyo.

Kila mfumo huhitaji masasisho yake. Uliokaa miezi bila kufunguliwa huwa na mianya mingi siku unapoingia mtandaoni.

Kuondoa mfumo mmoja

Anayetaka kuondoa Linux asianze kwa kufuta sehemu yake. Kwanza huifanya Windows kuwa ya kwanza katika mpangilio wa UEFI na kuhakikisha inawaka yenyewe. Kisha sehemu ya Linux hufutwa kwa chombo cha Windows cha kusimamia diski, na nafasi yake kuunganishwa na sehemu iliyo jirani. Kwenye mashine za BIOS, kianzishi cha Windows hurudishwa kwanza kwa diski ya kurekebishia Windows na amri bootrec /fixmbr. Anayefuta sehemu kabla ya hapo hubaki na GRUB inayotafuta faili zisizokuwepo, na kompyuta haiendelei.

Njia mbadala

Mashine pepe, kwa mfano kwa programu ya VirtualBox, huendesha mfumo mmoja ndani ya dirisha la mwingine. Diski haigawanywi, na mifumo yote miwili huonekana kwa pamoja, ila huhitaji kumbukumbu nyingi. Kompyuta yenye GB 4 za RAM huelemewa. Microsoft nayo hutoa WSL, inayoendesha programu za Linux ndani ya Windows. Kwa kompyuta ya mezani, njia salama kuliko zote ni kuongeza diski ya pili na kuupa kila mfumo diski yake. Wakati wa kusakinisha, diski ya Windows huchomolewa, na kisichokuwemo hakiwezi kufutwa kwa bahati mbaya.

Mifumo miwili katika diski moja hubaki na faida yake pale mashine ni moja, kumbukumbu ni ndogo, na kila mfumo unahitaji kutumia nguvu zote za kompyuta.